Marufuku Kukohoa

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya majirani, nyumba ya fundi wa mageti iliamka kwa mpangilio uleule. Mama alikuwa ameshaondoka zamani, kwa kuwa alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate, na unga uliokandwa haumsubiri mtu amalize usingizi. Baba alikuwa akifungua kibanda chake cha kuchomelea vyuma, mbele ya nyumba. Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyeshika usukani wa nyumba Mama akiwa kazini. Alipasha chai, akakata mkate, kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Njooni mle! Chai haina miguu ya kuwafuata huko vyumbani."

Hapo ndipo mateso ya binti wa nyumba hiyo yalipoanza.

Binti huyo alikuwa darasa la sita. Jina lake la kweli lilisikika pale tu mwalimu alipoita mahudhurio. Baada ya hapo alikuwa Popo. Watoto wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alipenda kutembea kwenye vivuli vya kuta, mkono ukiwa juu ya macho, na wakati wa mapumziko alijificha ndani badala ya kucheza uwanjani. Jina lilimganda kama gundi, likamfuata mpaka nyumbani.

Mezani, Shangazi aliivuta chai yake kwa mlio mrefu, kama pampu ya baiskeli. Baba alitafuna mkate huku akizungumza. Na mdogo wake Popo, mvulana wa darasa la pili ambaye wazazi walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, alivuta kamasi, akanyamaza, akavuta tena.

Sauti hizo hazikumuumiza Popo masikio. Radi haikumshtua. Hata mashine ya Baba ya kukatia vyuma, iliyowafanya majirani wazibe masikio, haikumzuia kufanya hesabu zake. Zilikuwa sauti ndogondogo tu: kutafuna, kufyonza, kuvuta pua, kubofya kalamu. Zikianza, kifua kilibana, moyo ulikwenda mbio, na hasira ikampanda kama maziwa jikoni, ambayo ukigeuka kidogo tu yameshafurika. Alitamani kukimbia au kupiga mtu.

Mwanga nao ulikuwa na ugomvi wake naye. Jua likipiga mabati au ukuta mweupe, na hasa ule moto wa buluu wa Baba wa kuchomelea, vilimwingia machoni kama mchanga, kisha vikahamia kichwani na kukaa humo vikigonga.

Asubuhi hiyo alichukua kikombe chake, akainuka taratibu.

"Unakwenda wapi?" Shangazi aliuliza.

"Nakunywa chai mlangoni, Shangazi. Ile sauti..."

"Sauti gani tena? Mashine ya baba yako inatoboa masikio ya mtaa mzima, husemi kitu. Chai yangu ndiyo inayokuudhi? Hicho ni kiburi, mwanangu, na kiburi nakijua hata kikijifunika shuka." Shangazi akavuta kiti na kukiweka kati yake na Kitinda. "Kaa hapa. Utasikia mpaka uzoee."

Baba alicheka, mkate bado mdomoni. "Huyu tutamtafutia mume asiye na meno!"

Shangazi naye akacheka mpaka chai ikampalia. Popo alikaa, akakibana kikombe kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

Kitinda peke yake hakucheka. Yeye alikuwa na ujuzi wake, ambao hakuna aliyemfundisha: aliulowesha mkate kwenye chai mpaka ukalegea kabisa, akaumeza bila kuutafuna, ili dada yake asisikie kitu. Ni yeye pia aliyepanda juu ya kitanda na kuning'iniza shuka kuukuu kwenye dirisha la chumba chao, ili jua la mchana lisiingie. Pua yake tu ndiyo iliyomshinda. Na kwa ajili ya pua hiyo, Popo alimpa jina. Alimwita Kamasi. Aliyepewa jina baya anajua jinsi linavyouma, na Popo alijua vizuri sana, lakini alilitoa vilevile.

Shuleni, Popo alikaa karibu na dirisha. Nyuma yake alikaa kiranja wa darasa, msichana mrefu aliyependwa na walimu kwa sababu mbele yao alikuwa kondoo. Mwalimu wa hesabu alipotoka kwenda kufuata chaki, Kiranja alitoa chingamu mfukoni, akazigawa kwa wenzake.

"Tumwimbie Popo," alinong'ona.

Wakaanza. Walisogeza midomo yao karibu na masikio yake, huku na huku, wakatafuna kwa nguvu, mate yakilia. Popo aliziba masikio. Basi Kiranja akatoa kipande cha kioo, akakielekeza kwenye jua la dirishani. Duara la mwanga likacheza ukutani, likashuka, likatua machoni mwa Popo. Alipogeuza uso, duara lilimfuata. Alipofumba macho, mtu mmoja alimfumbua kope kwa vidole, na darasa zima likaangua kicheko.

"Mwacheni alale, popo hulala mchana!"

Popo hakukumbuka baadaye jinsi alivyoushika mkebe wake wa hesabu. Alikumbuka mlio wa bati, kisha kelele, kisha damu kidogo juu ya nyusi ya Kiranja.

Mwalimu aliporudi na chaki, aliiona hali hiyo akiwa mlangoni. "Nani kaanza?"

"Popo!" darasa likajibu kwa sauti moja.

"Mwalimu, wao walikuwa wanatafuna," Popo alisema.

"Wanatafuna?" Mwalimu alimtazama juu mpaka chini. "Walikuwa wanakutafuna wewe?"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka darasa la jirani. Mwalimu alimshika mkono, akampeleka uwanjani, akamsimamisha kwenye mlingoti wa bendera, juu ya kokoto nyeupe. "Utasimama hapa mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Na macho wazi! Hukuja kulala."

Jua lilikuwa la kuchoma. Kokoto ziliurudisha mwanga wake kutoka chini, ikawa hakuna upande wa kuangalia. Kichwa kilianza kugonga, kwanza nyuma ya jicho moja, kisha yote mawili. Baadaye alitapika juu ya viatu vyake. Watoto waliopita waliziba pua na kumkwepa.

Madarasa ya chini yalitoka mapema. Kitinda alimwona dada yake, akaja mbio, mkoba ukimpiga mgongoni. Hakuuliza kitu. Alilitazama jua, akakitazama na kivuli chake mwenyewe, kisha akasimama mbele ya Popo, amejinyoosha kwa ncha za vidole, ili kivuli kimfike usoni. Lakini alikuwa mfupi na jua lilikuwa juu mno. Kivuli kiliishia miguuni mwa dada yake.

"We mtoto, nenda nyumbani kabla sijakusimamisha na mwenzako!" Mwalimu alifoka kutoka barazani. Kitinda akaondoka, akigeuka nyuma kila mara.

Popo alifika nyumbani akipapasa ukuta. Baba alikuwa amevaa kinyago chake cha kuchomelea, anaunganisha geti kubwa la mteja, na hakumwona. Shangazi alikuwa sokoni. Popo aliingia chumbani, akaanguka kitandani kwenye giza la lile shuka la dirishani, akafumba macho. Laiti angeachwa hapo.

Mlango ulifunguliwa polepole. Kitinda aliingia kwa kunyata, amebeba kikombe cha maji kwa mikono yote miwili, asimwage hata tone. Alikuwa na mafua yaliyokuwa yamemkaa siku kadhaa. Alikiweka kikombe chini, na alipoinama, pua ikalia.

Popo aliinuka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Toka!"

"Nimekuletea maji, dada..."

"Sitaki maji yako! Wewe ndiye mbaya kuliko wote, unasikia? Wale nawaacha shuleni. Wewe nalala nawe chumba kimoja!" Alimshika sikio, akamvuta mpaka mlango wa nyuma, akamsukuma uani. "Sikiliza vizuri, Kamasi. Chumbani kwangu ni marufuku kuvuta pua. Ni marufuku kukohoa. Ukishindwa, kalale nje. Na ukimwambia mtu, usiniite dada tena."

Akafunga mlango kwa komeo.

Mvua ilianguka alasiri hiyo, ile mvua ya ghafla inayokuja na upepo. Popo aliisikia ikipiga bati, akausikia mlio wake mzito uliofunika milio mingine yote, akapata usingizi mtamu. Kitinda alikaa chini ya upenu, magoti kifuani, maji yakimrukia kutoka kwenye karai la kufulia. Hakugonga mlango.

Shangazi aliporudi alimkuta amelowa chapachapa. "Mtoto gani huna hata akili ya kuingia ndani? Hata kuku ana akili kukuzidi!"

"Nilikuwa nacheza, Shangazi," Kitinda alijibu, meno yakigongana.

Tangu hapo nyumba ilipata utulivu ambao Popo hakuwahi kuujua. Chumbani hapakusikika pua wala kikohozi. Alfajiri hadi jioni, Kitinda alipita kama kivuli. Popo aliona kwamba ukali umefanya kazi, akajisemea kwamba kumbe Shangazi alikuwa na haki: watu huzoea. Hakujiuliza mafua yalikuwa yamekwenda wapi.

Hayakuwa yamekwenda popote. Yalikuwa yameshuka kifuani. Kitinda aliposikia kikohozi kinakuja, aliutia mdomo wake kwenye mto na kuukandamiza mpaka kipite. Akiwa mezani, aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akakohoa huko huku bomba la maji likiwa limefunguliwa. Kilipomjia kitandani, alijaza mkono wa shati mdomoni akauma. Alijifunza pia kwamba akivuta pumzi fupifupi, kikohozi hakiji upesi. Kwa hiyo akaacha kukimbia na kucheza, na mwishowe akaacha kuzungumza pia, maana maneno nayo yanahitaji pumzi.

"Mbona mwanangu amenywea hivi?" Mama aliuliza jioni moja, akimgusa shingo kwa mkono ambao bado ulinukia unga. "Na joto je?"

"Ni jua tu, wifi," Shangazi alijibu. "Mafua yalikuwa yanamsumbua, yamekwisha yenyewe. Mimi nipo naye kutwa nzima, sijasikia hata kikohozi."

"Sijambo, Mama," Kitinda alisema.

Mama alimtazama Popo. "Mnalala wote. Humsikii usiku akikohoa?"

"Hapana, Mama," Popo alijibu. Na huo ulikuwa ukweli, ingawa ulikuwa ukweli wa aina mbaya kuliko uongo.

Jumamosi, Mama akiwa kazini, Popo alikuwa amelala kitandani mwake mchana, amefumba macho, akipumzisha kichwa. Kitinda alikuwa kwenye kitanda chake, amegeukia ukutani. Kimya kilikuwa kizuri. Kisha ndani ya kimya hicho Popo akasikia mlio mdogo, wa kukwaruza, kama mtu anayesugua sufuria kwa mbali. Ulikuja, ukaenda, ukaja. Kifua chake kikabana, na ile hasira ikapanda.

"Kamasi! Nimekuambia nini?"

Mlio ukaendelea. Popo alipapasa chini ya kitanda, akaokota kandambili, akamrushia. Ilimpiga mgongoni. Kitinda hakutikisika.

"Unajifanya husikii?"

Alishuka, akamshika bega na kumgeuza. Bega lilikuwa la moto kama pasi. Kona ya mto ilikuwa mdomoni mwa mtoto, ameiuma, na kitambaa kilikuwa na madoa yenye rangi ya kutu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila alipovuta hewa, na ule mlio wa kukwaruza ulikuwa pumzi yake.

Popo aliutoa mto mdomoni mwake. Kitinda alifumbua macho nusu, akamwona, akaogopa.

"Sikukohoa, dada," alisema.

Popo alimbeba. Alikuwa mwepesi kupita alivyotarajia. Aliita Shangazi, lakini Shangazi alikuwa kwa jirani. Akatoka naye mbele ya nyumba, kwenye jua la saa sita, bila mkono wa kukinga macho, kwani mikono yote ilikuwa kazini. Kibandani, Baba alikuwa amejifunika kinyago, na mashine ya umeme ilikuwa ikinguruma. Popo aliita, akaita tena. Sauti yake ilimezwa. Moto wa buluu ulikuwa ukiwaka kati yake na Baba, na mwanga wake ulimpasua kichwa kama shoka. Alifumba macho, akatembea kuuelekea, cheche zikimdonoa miguuni, mpaka akagonga mgongo wa Baba kwa kichwa chake.

Baba aligeuka kwa hasira, akavua kinyago. Kisha akamwona aliyebebwa. Alitupa kila kitu chini, akamnyakua Kitinda, akamkimbilia mteja aliyekuwa akisubiri geti lake, wakapanda pikipiki yake kwenda hospitali.

Hospitalini, daktari alikuwa mwanamke mfupi, asiye na maneno mengi. Aliweka kipimo kifuani mwa Kitinda, mbele na nyuma, akaamuru awekewe mrija wa hewa puani na sindano mkononi. Popo alifika baadaye na Shangazi, wakitembea kwa haraka. Mama alikuwa ameshafika, unga mpaka viwikoni.

"Ni kichomi," daktari alisema. "Mapafu yote mawili. Mngesubiri mpaka kesho, sijui tungekuwa tunazungumza nini. Ameanza kukohoa lini?"

Watu wazima walitazamana.

"Hajakohoa, daktari," Baba alisema.

"Haiwezekani."

"Mimi nipo nyumbani kutwa," Shangazi alisema, akiinua mkono kama anayeapa. "Mtoto huyu hajakohoa hata mara moja."

"Kifua kama hiki lazima kikohoe," daktari alimjibu. "Ama mtoto huyu alikuwa anakohoa na hamkuwa mnasikiliza, ama kuna mtu amemziba mdomo."

Popo alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakuna aliyemtazama. Angeweza kunyamaza, na Kitinda, kama alivyomjua, asingesema kamwe. Alijua hivyo, na kujua huko ndiko kulikomshinda.

"Ni mimi," alisema. "Nilimkataza. Nilimwambia ni marufuku kukohoa. Na ile siku ya mvua nilimfungia nje mimi."

Kofi la Shangazi lilifika kabla sentensi haijatulia. Baba hakumzuia. Alimwangalia binti yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti ya chini, iliyokuwa mbaya kuliko kelele, "Ondoka mbele ya macho yangu. Usimkaribie mwanangu."

"Na huyu je, ni mwana wa nani?" Mama aliuliza. Machozi yalikuwa yakimchora mistari kwenye unga wa mashavuni. Alimsogelea Popo. "Kwa nini, mwanangu? Nieleze. Usinifiche kitu."

Popo alieleza yote, kutoka chai ya asubuhi mpaka chingamu, kioo, mlingoti na ile hasira iliyompanda kama maziwa. Shangazi alitaka kuingilia. "Si nilisema? Kiburi..."

"Ngoja kwanza," daktari alimkatiza. "Kiburi hakitapishi mtu juani. Hali hii ya sauti ina jina, huitwa misofonia. Masikio ni mazima. Ila sauti fulani ndogo zikifika kwenye ubongo wake, ubongo unazipokea kama hatari, mwili mzima unajiandaa kupigana. Hachagui yeye, na hazoei kwa kulazimishwa. Wengi huzidiwa zaidi. Mwanga nao nahisi unakwenda pamoja na maumivu ya kichwa, yale ya kipandauso. Nitampeleka kwa daktari wa macho tuwe na hakika." Akamgeukia Baba, aliyekuwa bado ana masizi mikononi. "Wewe fundi, ukichomelea bila kinyago, macho yanakuwaje?"

"Kama yamejaa mchanga," Baba alijibu. "Unaweza kulia usiku kucha."

"Na huyu alipowaambia anaumia, mlimwambia nini?"

Baba aliinamisha kichwa. "Tulicheka."

Daktari akamgeukia Popo, wala hakulainisha uso. "Na wewe usije ukajificha nyuma ya jina nililokupa. Misofonia haikufunga mlango kwa komeo. Uliufunga wewe."

Popo alilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Sindano zilifanya kazi. Baada ya siku kadhaa homa ilishuka, mrija ukaondolewa. Lakini kifua kilikuwa bado kimejaa. "Sasa lazima akohoe," daktari aliagiza. "Uchafu ulioko humo hauna mlango mwingine."

Muuguzi alimkalisha Kitinda kitandani, akampigapiga mgongo. "Haya, mwanaume, kohoa!"

Kitinda alibana midomo. Mishipa ya shingo ilimsimama, macho yakajaa machozi, lakini hakutoa sauti. Alikuwa akitazama mlangoni. Hapo alisimama Popo, aliyeruhusiwa na Baba kuja kwa mara ya kwanza.

Muuguzi alielewa. "Dada mtu atoke nje kidogo."

"Hapana," Mama alisema. "Akitoka, mtoto atakohoa leo. Nyumbani je?"

Popo alisogea mpaka kitandani. "Kohoa," alimwambia mdogo wake.

Kitinda alitikisa kichwa. "Utakasirika."

Popo alitaka kusema hapana. Lakini alikuwa amechoka na uongo. "Ndiyo, nitakasirika. Hasira itakuja yenyewe, siiwezi. Lakini kosa si lako, na sitakufanya kitu. Shika mkono wangu. Kohoa."

Kitinda aliushika mkono. Kikohozi kilitoka kizito, chenye majimaji, kirefu, kikifuatwa na kingine na kingine, vyote vile alivyokuwa amevimeza. Kila kimoja kilimchoma Popo kama sindano. Jasho lilimtoka, taya zikambana, mwili wote ukampigia kelele akimbie. Alishika beseni chini ya kidevu cha mdogo wake kwa mkono mmoja na hakuliangusha. Muuguzi aliposema basi, imetosha, alitoka mpaka ukumbini, akaegemea ukuta na kuupiga kwa ngumi mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akanawa uso, akarudi ndani.

Maisha hayakubadilika yote kwa pamoja. Mama aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni na nguo zake za kiwandani, akazungumza na mwalimu mkuu mlango ukiwa umefungwa. Popo alihamishwa kwenye dawati la ukutani, mbali na dirisha, akaruhusiwa kuvaa kofia yenye ukingo uwanjani na kuweka pamba masikioni wakati wa mazoezi. Yeye naye aliitwa kumwomba Kiranja radhi kwa lile jeraha, akaomba. Kiranja alinyang'anywa kioo na ukiranja, lakini hakuomba radhi. Mwalimu wa hesabu hakuomba pia. Siku moja tu, alipotaka kubofya kalamu yake, alimtazama Popo, akaiweka mezani.

Nyumbani, redio iliwashwa wakati wa kula, ifunike milio midogo. Baba alitengeneza kizuizi cha mabati kati ya kibanda na mlango, ili moto wa buluu usipite. Shangazi alichelewa kukubali. Lakini asubuhi moja alivuta chai, akamwona Popo amekunja uso, akasema, "Haya, bi mkubwa, niondoke mimi au uondoke wewe?" Popo alichukua kikombe chake akaenda mlangoni, na hakuna aliyeita jambo hilo kiburi.

Kitinda alirudi nyumbani amekonda, akideka kidogo kwa sababu kila mtu alimbeba. Jioni yake ya kwanza alikaa kitandani, akavuta kamasi, akashtuka, akaziba pua kwa kiganja.

"Usizibe," Popo alisema. Alishuka kitandani, akapiga magoti mbele yake. "Mdogo wangu, nilikutesa. Nisamehe. Na lile jina, sitaliita tena."

Kitinda aliondoa kiganja puani. "Kwa hiyo sasa huchukii nikivuta?"

"Nauchukia mlio. Wewe sikuchukii. Ukinizidia, nitasema, 'Nimezidiwa,' kisha nitatoka mimi. Wewe utabaki."

Mama alikuwa mlangoni, taulo mkononi, amesikia yote. Aliingia, akamwinua Popo, akakaa kati yao kitandani, akawashika wote wawili.

"Sisi wakubwa tulikosa kwanza," alisema. "Mtoto akisema panamuuma, huulizwa ni wapi, hachekwi. Tulikucheka, nao wakakucheka shuleni, na uchungu wote huo ukauleta humu ndani ukamtwika aliye mdogo kuliko wote, kwa sababu yeye hakuwa na wa kumtwika." Alimgeuza Popo uso amtazame. "Maumivu yako ni ya kweli, mwanangu, na huenda ukaishi nayo mpaka uzeeni. Basi yaseme. Yaseme mapema, kwa maneno, kwa mtu anayeweza kukusaidia. Lakini usiyagawe. Mdogo wako alikuwa karibu kufa kwa fungu lako."

Popo aliitikia kwa kichwa. Kitinda alianza kukohoa, akakohoa mpaka mwisho, na Popo akabaki amekaa.